Aliyechomwa kwa Jina Langu

Gazeti lile lililetwa kijijini kwetu Jamdiha na Tribeni Saav, mfanyabiashara anayenunua ulanga wetu, yale mawe ya magamba yanayometa. Alikuja nalo kwa pikipiki, akasimama kisimani palipokuwa na watu wengi, akanikabidhi mimi. Katika kitongoji chetu mwanamke aliyefika darasa la kumi ni mimi peke yangu.

"Soma, binti. Soma kwa sauti, wasikie wanavyotukanwa."

Nikasoma. Habari ilikuwa imeandikwa na mfanyakazi wa shirika la misaada, jina lake limefichwa. Alisema kwamba watoto wa milima yetu wanaingia kwenye mashimo ya migodi iliyoachwa, wanachokoa ulanga, huo unaopelekwa ng'ambo kutiwa kwenye poda za kina mama zipate kumeta. Alisema mashimo yakiporomoka wazazi hunyamazishwa. Akaongeza kwamba watoto hao wamenunuliwa mbali, na kwamba wanasimamiwa na wanaume wenye fimbo.

Hapo kwenye fimbo watu wakalipuka.

"Fimbo ya nani?" akafoka Etwari, mke wa mwenyekiti. "Wangu nikimnyooshea kidole tu anahamia kwa bibi yake. Nani wa kumpiga?"

"Na eti wamenunuliwa!" akadakia mwingine. "Huyu wangu hata ukipewa bure utamrudisha. Anakula kama ng'ombe."

Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika. Na kweli, fimbo hazikuwepo, na hakuna mtoto aliyenunuliwa. Wale ni watoto wetu, tuliowazaa wenyewe, na shimoni walikwenda na sisi wenyewe, asubuhi, kila mmoja na kikapu chake. Lakini hilo la mwisho hakuna aliyelisema pale kisimani. Tuliyashika yale mawili ya uongo kwa mikono yote, na mengine tukayapitisha chini yake.

"Mtu anayeficha jina lake ana lake jambo," alisema mwenyekiti, Bandhan. Kila mtu aliitikia kwa kichwa, hata mama mkwe wangu, Sugni, aliyekuwa amesimama na mkono begani kwa Kajri.

Kajri alikuwa wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile. Hakuwa amevunja ungo. Nilipoolewa na kaka yake, Lakhan, alikuwa bado anabebwa, na ndiye aliyenizoesha ile nyumba ngeni kwa maswali yake. Kwa nini unasoma bila kutoa sauti? Maneno yanaingia wapi? Ukisoma sana tumbo halijai? Lakhan alipokwenda Surat kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, Kajri alihamia kitandani kwangu, na nywele zake zilikuwa na chembe za ulanga ambazo hazikutoka hata kwa sabuni. Mto wangu ulikuwa unameta.

Wiki chache baada ya gazeti, paa la shimo likashuka. Ilikuwa mchana. Waliokuwa karibu na mlango walitoka na vumbi. Kajri alikuwa ndani zaidi. Wanaume walichimba kwa mikono na makarai mpaka wakamfikia, wakamleta nyumbani akiwa amefunikwa shuka ya mtu. Mama alimwosha mwenyewe. Hakumruhusu yeyote amsaidie.

Tulikuwa bado tunalia Tribeni Saav alipofika. Aliketi uani, akavua kofia, akatoa pole ya kweli. Sitamsingizia, macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema:

"Sasa nisikilizeni. Wanunuzi wa nje wameshaniambia: kijiji kitakachoonekana na mtoto shimoni, hawagusi mzigo wake. Na kuna bwana yuko mjini, ametoka jiji la Ranchi, Bwana Pathak. Huyo si adui. Huyo kazi yake ni kufichua uongo wa haya mashirika. Amesoma ile habari, haamini hata mstari mmoja, anataka kuja kutusafisha. Nimpokee na kaburi la mtoto?"

"Mtoto amekufa, Saav," alisema Bandhan. "Tufanyeje, tumfufue?"

"Mtu mzima akifa ni ajali," alisema Tribeni Saav. "Mtoto akifa ni habari."

Kwetu mtoto hachomwi. Anabebwa mikononi na baba au mjomba, anazikwa kando ya kijito, anawekewa maziwa kidogo, na watu wanarudi kimya. Hakuna kunyoa vichwa, hakuna matanga wala karamu. Moto ni wa walioolewa. Ukiwa barabarani ukaona mtu amebeba kitu mikononi na wenzake wanamfuata na jembe, unajua ni mtoto. Ukiona jeneza la mianzi na sari nyekundu, unajua ni mwanamke aliyemwacha mume hai. Huna haja ya kuuliza. Na barabara yetu inapita katikati ya vijiji vinne kabla ya kufika kijitoni.

Etwari ndiye aliyelisema. "Awe mkwe," alisema kwa sauti ndogo. "Sugni ana mkwe. Mume yuko mbali. Nani atauliza?"

Wote wakanigeukia.

"Lakini mimi nipo hapa," nikasema.

"Tunakuona, mwanangu. Ndiyo maana tunakuuliza wewe," alisema Etwari.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameketi karibu na kichwa cha Kajri, anamtoa mchanga sikioni kwa pembe ya sari yake. Kama angesema hapana, mimi pia ningesema hapana. Kama angesema ndiyo, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Akahamia sikio la pili. Nikaenda kwenye sanduku langu nikatoa sari yangu ya harusi.

Ilimzunguka mara nyingi mno. Tulilazimika kuikunja na kuikunja tena, na upande wa miguu tukajaza majani ya mpunga ili jeneza lisionekane fupi. Ilibaki rangi nyekundu ya kutiwa kwenye mstari wa nywele, ile ambayo mwanamke hutiwa na mumewe siku ya ndoa. Nani wa kumtia mtoto yule? Wanaume walitoka nje. Mwishowe Etwari alichovya kidole chake, akafumba macho, akapaka. Mama aligeukia ukutani. Nilimsikia akiuambia ukuta, "Hata mahari hawakuleta." Hakuna aliyejua kama alikuwa anatukana au anatania au amepotewa na akili.

Wakampitisha katika vijiji vinne. Watu walitoka milangoni wakasema maskini, mke mchanga vile. Wakamchoma.

Baada ya hapo nikawa maiti. Sikuruhusiwa kwenda kisimani wala kusimama mlangoni. Nilikaa kwenye zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Nilipotaka kumpigia Lakhan simu, nilichelewa. Kijana wa kijiji cha jirani anayefanya naye kazi Surat alikuwa ameshampa pole.

"Nani mwenzangu?" alijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia usiku kucha.

"Mimi Dulari."

"Acha mchezo. Mke wangu amekufa."

"Sijafa. Nipo. Nimekaa na ng'ombe wa Bandhan, ananitafuna sari."

Kwanza alinitukana. Halafu alicheka, akacheka kama mlevi, akasema nikirudi nitakuvunja miguu, mwanamke gani unamfia mtu bila kuaga. Nami nikacheka naye, Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia kwamba angenililia. Kisha nilisikia mashine za kiwanda zikivuma nyuma yake.

"Basi kama si wewe," alisema, "tumemchoma nani?"

Yeye mwenyewe akaanza kuwataja wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine, mama yuko, wewe upo, mpaka akabakiza jina moja, na hilo hakulitamka. Akakata simu.

Siku ya kuondoa matanga Bwana Pathak akaja. Tribeni Saav alileta mchele, dengu na samli, karamu ya mtu mzima kama desturi ilivyotaka. Asubuhi Etwari aliwakusanya watoto wote wanaokwenda shimoni akawaingiza zizini kwangu. "Wanyamazishe," aliniambia. "Akikohoa mmoja wao, tumekwisha." Mikono yao ndiyo waliyoiogopa wakubwa. Ukishika ulanga tangu utotoni, unaingia kwenye mikunjo ya ngozi, na juani kiganja kinameta kama samaki.

Ukuta wa zizi ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umebanduka. Nilimwona vizuri. Alikuwa mzee mwenye mvi, miwani, kanzu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Walimpa kitanda cha kamba akakataa, akaketi chini kwenye mkeka pamoja na wanaume. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

"Mimi nimezunguka wilaya nyingi," aliwaambia. "Kuna mashirika yanaishi kwa machozi ya kutunga. Mahali pamoja waliandika kwamba mtoto fulani amekufa kiwandani. Nikaenda. Nikamkuta anachunga mbuzi, mzima kabisa, na jina ni lake na baba ni wake. Mama yake alikuwa ametemewa mate sokoni kwa ajili ya habari ile, ati amemuuza mwanawe. Tangu siku ile nimeapa: mtu asiyetaja jina lake, simwamini. Ukiwasingizia matajiri watakushtaki. Maskini atamshtaki nani?"

Wanaume walinung'unika kwa kukubali. Alikuwa anasema kweli, na kila neno lake jema lilituangukia kama mate.

Kisha akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa ameketi mbali kidogo na sari imefunika uso. Akaunganisha viganja kifuani.

"Mama, nimesikia umempoteza mkwe wako. Na juu ya msiba huo, wameandika kwamba ninyi hapa mnazika watoto na kunyamaza. Nakuomba radhi kwa niaba ya watu wote wanaoshika kalamu."

Nikaona mabega ya Bandhan yanashuka. Hata Tribeni Saav alitazama pembeni. Mzee mwenye mvi ameinama anamwomba radhi mama wa Kajri kwa sababu mtu amesema ukweli juu ya Kajri.

"Nina ombi moja," aliendelea Bwana Pathak. Akatoa simu. "Yule hana jina. Wewe una jina. Neno lako lina uzito kuliko kurasa zake zote. Sema tu hapa, ili watu wakusikie: mimi Sugni wa Jamdiha, sina mtoto niliyempoteza shimoni. Basi. Halafu tule, nisiwacheleweshe."

"Sema, dada," alisema Bandhan.

"Mimi Sugni," alianza mama.

"Wa Jamdiha," alimkumbusha Tribeni Saav kwa upole.

"Mimi Sugni wa Jamdiha. Sina..."

Alijaribu tena. Kila alipofika kwenye sina, alirudi mwanzo. Mikono yake ilikuwa inapapasa hewani kando yake, pale ambapo bega la mtoto lilizoea kuwepo. Etwari alimwinamia akamnong'oneza, lakini mnong'ono wake tuliusikia hata zizini: "Malizia, Sugni. Mwaka huu mvua haikunyesha. Wangu nao watakula nini? Malizia."

Nami nilielewa kwamba atamalizia. Atalisema, kwa ajili ya watoto wa Etwari, na wa Bandhan, na wa kila aliyekuwa pale. Na akishalisema kwa jina lake, Kajri atakuwa hakuzaliwa.

Nikafungua mlango wa zizi nikatoka.

Bibi mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuja kuhani, alipiga yowe. "Mzuka! Mzuka wa mkwe!"

"Mzuka gani una mavi ya ng'ombe miguuni?" alisema mwenzake.

Bwana Pathak alinitazama, akatazama sari, akatazama nywele zangu. "Huyu ni nani?"

Wakajibu wote kwa pamoja.

"Dada wa marehemu," alisema Bandhan.

"Binamu," alisema Etwari.

"Mke mdogo," alisema mwingine, na kwingineko, kwa mazoea ya miaka mingi, mtu akacheka.

"Mimi ndiye mkwe," nikasema. "Dulari, mke wa Lakhan. Mimi ndiye mliyeambiwa nimekufa."

Mama mkwe alifunua uso. Tangu siku ya shimo sikuwa nimeuona uso wake kwenye mwanga. "Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Tuliyemchoma ni binti yangu, Kajri. Shimo limemwangukia. Alikuwa mtoto. Tumempaka rangi kama mke wa mtu, tukamchoma kama mkubwa, ili wewe usijue."

Nilidhani sasa yamekwisha. Mtu amesimama mbele yake, mwenye jina, mwenye uso, mwenye kijiji. Bwana Pathak aliishusha simu polepole. Akasogea karibu na mama, akauliza kwa sauti ya huruma, kama unavyomsemesha mgonjwa:

"Mama. Nani amekufundisha kusema hivi? Watu wa shirika walifika hapa kabla yangu?"

"Hajafika mtu."

"Wamekuahidi kitu? Usiogope. Au ni huzuni, mama? Msiba unaweza kumfanya mtu aone mambo." Akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Bandhan, unawajua watu wako. Niambie wewe."

Nikajua basi kwamba hakuwa anangoja jina. Yule mwandishi wa gazetini angeandika jina lake, na la baba yake, na la mtaa wake, ingekuwa vile vile. Bwana huyu alitupenda, na katika mapenzi yake hapakuwa na nafasi ya sisi kufanya jambo kama lile.

Bandhan alikuwa hodari wa uongo kuliko mtu yeyote katika vijiji vinne. Nilimwona akifungua kinywa. Akakifunga, akatazama miguu yake. Samli ilianza kuganda juu ya dengu.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Akachukua sufuria ya wali.

"Waiteni watoto," alisema.

"Sugni," alisema Etwari, "wanaume hawajala bado."

"Waiteni. Tangu asubuhi wamefungiwa na ng'ombe."

Hawakuhitaji kuitwa. Walikuwa wameshatoka nyuma yangu, wanasukumana kwa harufu ya samli. Mama akawaketisha kwenye mstari wa mbele, kwenye majani yaliyokuwa yametandikwa kwa ajili ya wazee, na mtungi wa maji akampa Bandhan ashike. Bandhan akapita akiwamiminia maji mikononi. Walinyoosha viganja juani, wakasugua, wakakung'uta, na viganja vilizidi kumeta.

Bwana Pathak alichuchumaa mbele yao. Alimshika mmoja mkono, binti wa Etwari, Phulwa, akaugeuza juu na chini.

"Hii ni nini, mjukuu?"

"Ulanga," alisema Phulwa, akishangaa kwamba mzee mzima mwenye miwani hajui ulanga.

"Umecheza nao?"

"Sichezi! Natoa kikapu kizima. Huyu," akamsukuma wa pembeni, "huyu ndiye anacheza. Akiona giza tu analia."

"Mwongo! Mimi jana nimejaza kuliko wewe."

"Jana hatukwenda, mjinga wewe, kuna matanga."

"Juzi, basi. Wewe hujui hata kupepeta, unabeba mawe matupu, Saav anayatupa."

Wote wakaanza, mstari mzima, kila mmoja akitaka mgeni amsikie yeye: nani anaingia mbali, nani ana nyundo yake mwenyewe, nani aliumwa na nge akaendelea. Waligombana kama watoto wanavyogombania mpira. Wazazi wao walisimama nyuma yao, wala hakuna aliyewanyamazisha. Tribeni Saav alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki mfukoni na hauoni. Bwana Pathak alikuwa bado ameshika mkono wa Phulwa, na vumbi linalong'aa lilikuwa limemgandia vidoleni.

"Wote mnajisifu bure," alisema Phulwa, mdomo umejaa. "Kajri ndiye alikuwa anatushinda. Ni mwembamba, anapita tunapokwama. Siku ile alikuwa wa kwanza."

Mama mkwe alikuwa amefika mbele yake na sufuria. Mkono wake ulisimama kidogo. Kisha akamwongezea wali, akaenda kwa mwingine.